Barabara, Benchi na Senti Kumi za Ardhi: Vita Dhidi ya Tabaka Huko Kerala

Katika sehemu nyingi za India ya karne ya 19, mtu wa tabaka la chini hakuruhusiwa kumgusa wa juu. Travancore, ufalme uliokuwa kusini mwa jimbo linaloitwa Kerala leo, ulikwenda mbali zaidi: hata kukaribia kulikatazwa. Maandiko ya wakati ule hutaja umbali kwa hatua. Mnair aliweza kumsogelea Mnambudiri ila asimguse. Mwezhava alitakiwa abaki hatua 36. Mpulaya, hatua 96. Vipimo vilitofautiana kati ya wilaya na wilaya, lakini kanuni ilikuwa ile ile, kwamba unajisi hupita hewani. Mpulaya aliyekuwa njiani alipaza sauti kuwatahadharisha walio mbele, na akijibiwa alishuka barabarani na kuingia kwenye tope la mpunga hadi mkubwa apite.

Wanambudiri, Wabrahmin wa Kerala, walikuwa makuhani na wenye ardhi. Wanair walikuwa askari, makarani na wasimamizi wa mashamba. Waezhava walikuwa wagema, wasokota kamba za usumba na wakulima wadogo, na wachache kati yao walikuwa waganga na wafanyabiashara wenye uwezo. Wapulaya na Waparaya ndio waliolima mpunga, na hadi mwaka 1855, utumwa ulipopigwa marufuku Travancore, waliuzwa, waliwekwa rehani na kurithishwa kama mali. Baada ya mwaka huo waliendelea kulima mashamba yale yale, kwa mabwana wale wale.

Nimesoma habari nyingi za mageuzi ya Kerala zinazoyaeleza kana kwamba watu walihubiriwa, wakatubu, mambo yakaisha. Sikubaliani nazo. Tabaka lilikaa katika vitu vinavyoshikika: barabara, kisima, benchi la shule, kitambaa cha kifuani, kipimo cha mpunga aliolipwa kibarua jioni. Vuguvugu lililofaulu lilichagua kimojawapo, mahali panapojulikana kwa jina, likakisukuma mpaka kikaachia. Na kila mlango ulipofunguka, wa kwanza kuingia walikuwa wale waliokuwa wamesimama karibu nao. Wa mwisho walibaki wa mwisho, na wakalazimika kuanzisha harakati zao wenyewe.

Nguo ndiyo iliyotangulia. Wanawake wa jamii ya Nadar, kusini mwa Travancore, walikatazwa kufunika kifua mbele ya watu wa tabaka la juu. Waliobatizwa na wamisionari walianza kuvaa blauzi, na kwa zaidi ya miaka 40 kukawa na vurugu zilizozuka na kutulia: nguo kuchanwa sokoni, makanisa na shule kuchomwa. Tangazo la Julai 1859 liliwaruhusu kujifunika, kwa sharti la kutoiga mtindo wa wanawake wa tabaka la juu. Sharti la aina hiyo, la kutoa huku ukibakiza kitu mkononi, litarudi mara nyingi katika habari hii.

Mwaka 1888, katika usiku wa sikukuu ya Shivaratri, mtawa wa Kiezhava aitwaye Narayana Guru aliingia mto Neyyar pale Aruvippuram, akatoa jiwe na kulisimamisha kama nembo ya mungu Shiva. Kusimika mungu ilikuwa kazi ya makuhani wa Kibrahmin peke yao. Alipoulizwa ametoa wapi ruhusa, inasimuliwa kwamba alijibu kuwa amemsimika Shiva wa Kiezhava. Jibu hilo liliwanyima wapinzani mahali pa kushika, kwa maana ni nani angekwenda mahakamani kudai Shiva asiye wake? Mahekalu mengine yalifuata, na kwenye viwanja vyake zikajengwa shule. Mwaka 1903 likaundwa shirika la Waezhava, SNDP Yogam, Guru akiwa rais na mshairi Kumaran Asan akiwa katibu.

Nyuma ya shirika hilo alikuwepo Dakta Palpu, Mwezhava. Alinyimwa nafasi ya kusomea udaktari Travancore, akasomea Madras. Akarudi kuomba kazi, akanyimwa. Akaenda kuitumikia serikali ya Mysore. Mwaka 1896 alikusanya sahihi 13,176 za Waezhava wakidai shule za serikali na ajira. Serikali haikutoa kitu. Ombi lenye sahihi linamwonyesha mtawala idadi yenu, lakini halimwonyeshi atapoteza nini akikataa. Waezhava walielewa hivyo, na kwa miaka iliyofuata nguvu zao zikaelekezwa ndani ya jamii yenyewe. Guru aliwataka waache sherehe ya ndoa ya kuigiza ya wasichana wadogo, ambayo ilifilisi familia kwa madeni, na arusi halisi zisihudhuriwe na zaidi ya watu 10 hivi. Akawataka pia waache ugema na pombe ya mnazi. Agizo hilo lilikuwa gumu, kwa kuwa mnazi ulikuwa riziki ya maelfu, na wengi hawakulitii. Ila fedha iliyookolewa kwenye arusi ilionekana katika majengo ya shule.

Narayana Guru ndiye anayetajwa zaidi. Mimi huona kwamba hatua ya kuthubutu kuliko zote ilichukuliwa na mtu asiyejua kusoma.

Ayyankali alizaliwa mwaka 1863 katika familia ya Kipulaya huko Venganoor, karibu na Thiruvananthapuram. Mwaka 1893 alinunua gari la kukokotwa na ng'ombe, akafunga ng'ombe wawili weupe wenye kengele shingoni, akavaa shuka nyeupe, kitambaa begani na kilemba, akalipitisha katikati ya barabara ya umma. Kila sehemu ya kitendo hicho ilivunja katazo lake. Mpulaya hakuruhusiwa kupita barabara ile, wala kupanda gari, wala kuvaa shuka iliyopita magoti, wala kilemba. Alivunja yote kwa safari moja. Wala hakwenda mikono mitupu: alikuwa amekusanya vijana na kuwafundisha mapigano ya kienyeji. Mwaka 1898 kundi lake lilishambuliwa karibu na Balaramapuram likajibu mapigo, na fujo zikaenea vijiji vya jirani. Barabara nyingi za eneo hilo zilifunguka baada ya mapigano hayo, si baada ya amri ya mfalme.

Halafu akageukia shule. Darasa alilolijenga Venganoor lilichomwa moto, likajengwa tena. Mwaka 1907 aliunda shirika lake, Sadhu Jana Paripalana Sangham, na serikali ikatoa agizo kwamba watoto wa Kipulaya wapokelewe shuleni. Walimu wakuu na maofisa walilikalia. Mtoto alipopelekwa aliambiwa nafasi zimejaa, au wazazi wengine waliwatoa watoto wao hadi darasa likabaki tupu.

Jibu la Ayyankali likawa mgomo: kama watoto wetu hawasomi, mashamba yenu yataota magugu. Ili kuelewa uzito wake lazima ujue kazi ya mpunga. Miche hung'olewa kitaluni ikiwa na umri maalumu, hupandikizwa kwenye tope kwa siku chache tu, na kingo za udongo huzibwa kabla maji hayajakimbia. Kazi hiyo yote ilikuwa ya Wapulaya, wanawake wakiinama kupandikiza, wanaume wakijenga kingo. Msimu ukipita mwenye shamba hawezi kuufidia. Mabwana walidhani njaa itawarudisha vibarua kwa muda mfupi, maana walilipwa mpunga kwa siku na hawakuwa na akiba. Kosa lao lilikuwa kutotazama baharini. Ayyankali alikubaliana na wavuvi wa Vizhinjam kwamba kila chombo kimchukue Mpulaya mmoja na kumpa mgawo wa samaki. Mgomo ukavuka msimu. Mwishowe hakimu aliingia kati, ujira ukapandishwa na madai ya shule yakakubaliwa kwa maandishi. Ni mgomo wa wakulima ambao dai lake kubwa lilikuwa dawati, na sijui mwingine wa zamani hivyo.

Hata makubaliano hayo yalivunjwa. Mwaka 1910 Ayyankali alimshika mkono msichana aitwaye Panchami, akampeleka shule ya Ooruttambalam na kumkalisha kwenye benchi. Wapinzani wakaiteketeza shule. Mwaka huo huo mhariri Ramakrishna Pillai, ambaye alifukuzwa nchini kwa kuusema ukweli dhidi ya serikali na hukumbukwa hadi leo kama shujaa wa uhuru wa habari, aliandika kwamba kuwachanganya watoto hao darasani ni kufunga farasi na nyati kwenye nira moja. Namtaja kwa sababu ni kosa linalojirudia mno: mtu anaweza kupigania uhuru wake mbele ya mfalme na bado asiuone wa kibarua wake.

Wapulaya wa Kochi, ufalme wa jirani, walikuwa na tatizo la awali zaidi. Hawakuwa na mahali pa kukutania. Uwanja wowote wangesimama ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe angesema umenajisiwa. Mwaka 1913 walikutana juu ya maji. Mitumbwi ilifungwa pamoja kwa kamba kwenye maji tulivu ya ghuba ya Kochi, mbao zikatandazwa juu, mkutano ukafanyika hapo, akisaidia mshairi Pandit Karuppan aliyetoka jamii ya wavuvi. Mwaka 1915 karibu na Kollam, mikutano ya Wapulaya ilishambuliwa na vibanda vikachomwa. Desemba mwaka huo, katika mkutano mkubwa mjini Kollam uliosimamiwa na Ayyankali, wanawake walivua shanga za mawe walizolazimishwa kuvaa shingoni kama alama ya tabaka lao, wakazitupa chini zikawa lundo. Wanair waheshimiwa walikuwepo jukwaani. Hilo lilipangwa kwa makusudi, ili mwanamke akirudi kijijini bila shanga asipigwe kwa kisingizio kwamba wakubwa hawakujua.

Sasa Vaikom. Mji huu una hekalu kubwa la Shiva, na barabara za pande nne zinazolizunguka zilikuwa za umma, zikitunzwa kwa kodi. Mkristo na Mwislamu walipita. Mwezhava na Mpulaya walisimamishwa na ubao wa katazo. T. K. Madhavan, kiongozi wa Kiezhava, alilipeleka suala hilo kwenye mkutano wa chama cha Congress huko Kakinada, Desemba 1923. Dai lenyewe lilibanwa kwa hekima: hawakuomba kuingia hekaluni, waliomba kupita barabarani. Dai la barabara linaweza kutetewa kwa hoja ya kodi na sheria bila kufungua kitabu chochote cha dini.

Tarehe 30 Machi 1924 walianza. Utaratibu ulikuwa huu: kila asubuhi kundi linatoka kambini kwa maandamano, linasimama kabla ya ubao, halafu watatu tu wanasonga mbele. Siku ya kwanza walikuwa Kunjappy, Mpulaya, Bahuleyan, Mwezhava, na Govinda Panicker, Mnair. Polisi waliwauliza tabaka zao, wakasema Mnair apite, wengine wawili warudi. Wakajibu kwamba wanakwenda pamoja. Wakakamatwa na kufungwa. Kuwapeleka watatu badala ya umati kulikuwa na sababu zake: polisi wanakosa kisingizio cha kutawanya fujo, gereza linajazwa polepole na kwa miezi mingi, na yule wa tabaka la juu anayekataa kupita peke yake anaonyesha upumbavu wa katazo kuliko hotuba yoyote.

Kisha serikali ikajifunza. Ndani ya wiki mbili viongozi walikuwa ndani, na polisi wakaacha kukamata watu wa kawaida. Waliweka vizuizi na kuwaacha wajitoleaji wakae juani. Hapo ndipo harakati nyingi za namna hii hufia, maana mtu aliyejiandaa kwa jela hajui afanye nini anapopuuzwa. Vaikom walijibu kwa zamu: watu wanakaa mbele ya kizuizi wakisokota uzi na kuimba, wanabadilishwa, wengine wanakuja. Julai 1924 mafuriko makubwa kuliko yote ya karne yaliikumba Kerala. Wajitoleaji walisimama kwenye maji yaliyowafika kiunoni, na polisi walilinda kizuizi wakiwa ndani ya mitumbwi. Wahuni waliotumwa na wapinzani walipiga watu na kuwapaka chokaa machoni, wapo waliopofuka.

Nje ya barabara kulikuwa na mivutano isiyosimuliwa vya kutosha. Masingasinga wa kundi la Akali walitoka Punjab wakafungua jiko la bure kambini. Gandhi akapinga, akisema wenyeji wajilishe wenyewe. George Joseph, Mkristo, alitaka kuongoza. Gandhi akamwambia hii ni dhambi ya Wahindu, waisafishe wenyewe. Nadhani Gandhi alikosea katika yote mawili. Barabara ilikuwa ya umma, si ya Wahindu, na kuifanya suala la dini kulirudisha dai kwenye uwanja ambao makuhani waliumudu. E. V. Ramasamy, atakayejulikana baadaye kama Periyar, alitoka nchi ya Watamil, akafungwa mara mbili, na mkewe Nagammai akawahamasisha wanawake vijijini. Narayana Guru alitoa rupia 1,000, akaruhusu mali yake itumike kama kambi, na akasema bila kupindisha kwamba yeye angewashauri wajitoleaji wapande juu ya vizuizi waingie, sio kusimama mvuani.

Novemba 1924 Mannathu Padmanabhan, kiongozi wa Wanair, aliongoza matembezi ya watu wa tabaka la juu kutoka Vaikom hadi Thiruvananthapuram, wakiwa na ombi lenye sahihi zaidi ya 25,000 za watu wa matabaka yao wenyewe. Mwezi Februari 1925 azimio la kufungua barabara likashindwa katika baraza la kutunga sheria la Travancore kwa kura 22 dhidi ya 21. Kura moja iliyoliangusha ilikuwa ya ndugu yake Dakta Palpu. Machi Gandhi alikuja mwenyewe kujadiliana na Indanturuttil Nambudiri, kiongozi wa wapinzani. Kwa kuwa Gandhi alikuwa wa tabaka la wafanyabiashara, alikalishwa nje, hakuingizwa ndani ya nyumba. Alipendekeza kura ya maoni ya watu wa tabaka la juu, au usuluhishi wa wasomi, mwenyeji akakataa. Nyumba hiyo baadaye ilinunuliwa na chama cha wafanyakazi wagema, na ndiyo ofisi yao.

Novemba 1925 harakati ya Vaikom ilimalizika kwa mapatano. Barabara za pande tatu zilifunguliwa kwa wote. Ya mashariki ikabaki imefungwa, na safari hii ilifungwa hata kwa Mkristo na Mwislamu waliokuwa wakiipita zamani, ili isionekane kwamba Waezhava wanabaguliwa. Usawa ulipatikana kwa kuwaongeza waliokatazwa. Siku zaidi ya 600, kwa pande tatu za barabara. Sidharau: barabara ilikuwa jambo kubwa kwa mtu aliyezoea kushuka topeni. Ila Periyar aliondoka akiwa ameshawishika kwamba kuombana na makuhani ni kupoteza muda, na kutoka hapo akajenga vuguvugu lake kali la kujiheshimu kwa Watamil.

Mahekalu yenyewe yalifunguliwa Travancore tarehe 12 Novemba 1936, kwa tangazo la mfalme kijana Chithira Thirunal. Wengi hulisifu kama ukarimu. Tazama tarehe. Oktoba 1935 Ambedkar, kiongozi wa Wadaliti (watu wa matabaka ya chini kabisa, kama Wapulaya), alikuwa ametangaza huko Yeola kwamba hatakufa akiwa Mhindu, na viongozi wa Kiezhava walikuwa wakijadili hadharani kuhamia dini nyingine kwa pamoja. Wakristo walikuwa tayari karibu theluthi moja ya wakazi. Kama Waezhava wangeondoka, ufalme wa Kihindu ungebaki na Wahindu wachache. Safari hii mtawala alionyeshwa atapoteza nini. Mwaka uliofuata Gandhi alifika Venganoor, na Ayyankali, aliyekuwa mzee, hakumzungumzia hekalu. Alimwambia anataka kuona watu 10 wa jamii yake wenye shahada ya B.A. kabla hajafa. Alifariki mwaka 1941.

Miungu ilifunguliwa mapema kuliko mashamba. Sheria ya mageuzi ya ardhi iliyoanza kutumika Januari 1970 huko Kerala ilivunja ubwanyenye, na hilo ni kweli kabisa. Lakini shamba alipewa mpangaji, na wapangaji wengi walikuwa Wanair, Waezhava, Wakristo na Waislamu. Kibarua, ambaye mara nyingi alikuwa Mpulaya au Mparaya, hakuwa mpangaji kisheria. Alikuwa mtu aliyepewa kibanda pembeni mwa shamba. Alipata haki ya kununua eneo la kibanda hicho: senti 10 kijijini, 5 katika mji mdogo, 3 katika jiji. Senti ni sehemu moja ya mia ya eka, kama mita za mraba 40. Senti 10 zinatosha nyumba, minazi michache na kaburi la mzazi. Mpunga haupandwi hapo.

Kazi nazo ziligawanyika vivyo hivyo. Wakulima wa Mtwara na Lindi wana sehemu katika hili bila kujua, kwa sababu korosho zao ghafi zimesafirishwa kwa miongo mingi hadi viwanda vya Kollam. Wafanyakazi wake karibu wote ni wanawake. Kubangua, kazi inayounguza vidole kwa mafuta makali ya ganda, ilikuwa ya wanawake wa Kipulaya na wa Kikurava, jamii nyingine ya tabaka la chini. Kumenya ngozi kulikuwa kwa Waezhava na Wakristo. Kupanga madaraja, kazi safi ya mezani, ilikwenda kwa Wanair. Hakuna amri iliyoandika mgawanyo huo, na hakuna kizuizi cha polisi ambacho mtu angekwenda kusimama mbele yake.

Mwaka 2017 bodi inayosimamia mahekalu ya Travancore iliajiri makuhani wasio Wabrahmin 36, sita kati yao wakiwa Wadaliti. Mwaka 2025, katika hekalu la Koodalmanikyam huko Irinjalakuda, kijana wa Kiezhava aliyefaulu mtihani wa serikali na kuajiriwa kutunga mashada ya maua alihamishiwa ofisini baada ya makuhani wakuu kususia ibada. Alijiuzulu.

Mwezi Agosti 2007 maelfu ya familia, wengi wao Wadaliti, waliingia kwenye shamba la mipira la Chengara, wilaya ya Pathanamthitta, wakapiga kambi za turubai. Chama chao kilichukua jina la Sadhu Jana, lile la Ayyankali. Walisema hawataki viwanja vya vibanda, wanataka ardhi ya kulima. Makubaliano yalitiwa sahihi mwaka 2009, na familia nyingi zilizopewa viwanja katika wilaya nyingine zilikuta mawe, hakuna maji wala njia. Baadhi zilirudi Chengara. Waliobaki pale wakapanda mihogo, migomba na pilipili manga kati ya mipira, na kwa miaka mingi walikosa nambari za nyumba, kwa hiyo wakakosa kadi za mgao wa chakula na majina yao hayakuwemo kwenye daftari la wapiga kura.